Aliyeumia Asilale: Haki ya Fidia Ina Siku Zake

Hakuna mwananchi atokaye nyumbani kwake asubuhi akiwa na nia ya kurejea jioni amebebwa na wenzake. Hata hivyo barabara zetu, viwanda vyetu, machimbo yetu ya mawe na majengo yetu yanayoinuka kila mwaka huwarejesha watu majumbani wakiwa na miguu iliyovunjika, mikono isiyoweza tena kushika jembe, na macho yasiyoona. Juu ya maumivu ya mwili huja maumivu mengine ambayo daktari hana dawa yake: karo ya watoto, kodi ya nyumba, na swali la nani atakayeilisha jamaa ambayo mlishaji wake amelala kitandani.

Sheria za Uganda hazikumwacha mtu wa namna hiyo bila njia. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 126, inaziagiza mahakama ziwape waliotendewa ubaya fidia inayotosha. Lakini kuwa na haki ni jambo moja, na kuipata ni jambo jingine. Katika makala haya tunakusudia kueleza haki hiyo ni ipi, inadaiwa kwa nani na kwa njia gani. Zaidi ya yote tunakusudia kueleza kwa nini watu wengi huipoteza, si kwa kushindwa mahakamani, bali kwa kutofika mahakamani mpaka siku zake zimekwisha.

MZEE WA MAGONGO MAWILI

Kazi yetu ya uhusiano katika jeshi hutukutanisha na raia wengi ambao hufika langoni mwa kambi wakiwa na shida zisizolihusu jeshi hata kidogo. Huja kwa kuwa wameona hapo pana ofisi na afisa wa kuwasikiliza. Asubuhi moja walinzi walituletea mzee mmoja, fundi mwashi kwa kazi yake, aliyekuwa akitembea kwa magongo mawili. Kwa kuwa mikono yake haikuwa na nafasi ya kubeba kitu, mfuko wa nailoni wenye karatasi zake ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kamba.

Mzee huyo aligongwa na pikapu alipokuwa akitoka kazini kwa miguu, kando ya njia iendayo Masaka. Gari lenyewe halikuwa la jeshi. Lilikuwa la idara nyingine ya Serikali, ambayo hatuna haja ya kuitaja hapa. Dereva alishtakiwa, na mzee akaitwa mahakamani kutoa ushahidi. Dereva akatiwa hatiani, akalipa faini, na kesi ikafungwa. Mzee akarudi nyumbani akiamini kwamba kesi yake imekwisha kwa ushindi, na kwamba lililobaki ni kusubiri fungu lake.

Akaiandikia idara hiyo. Akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Akaandika tena. Akajibiwa kwamba jambo lake linashughulikiwa. Mara ya tatu aliarifiwa kwamba faili limepelekwa kwa mkubwa anayehusika. Barua zote tatu alikuwa nazo, zimekunjwa vizuri, kila moja na bahasha yake.

"Afande," alituambia, "mimi sikuja kugombana na Serikali. Nimekuja kuuliza tu, faili langu limefika wapi?"

Tulihesabu tangu siku ya ajali. Ilikuwa imepita miaka 2 na miezi 5. Sheria ya Uganda ilikuwa imempa miaka 2.

KESI MBILI KATIKA AJALI MOJA

Kosa la mzee huyu si la ujinga. Ni kosa ambalo hata waliosoma hulifanya. Wengi hudhani kwamba dereva akishafikishwa mbele ya hakimu, basi mambo yote ya ajali ile yamo katika kesi hiyo moja. La hasha. Ajali moja huzaa kesi mbili, na kila moja ina mwenyewe.

Kesi ya kwanza ni ya jinai. Hiyo ni kesi ya Serikali dhidi ya dereva, kwa kuwa ameivunja sheria ya barabara. Aliyeumia humo ni shahidi tu. Dereva akitozwa faini, fedha hizo huingia katika hazina ya Serikali, wala haimo hata senti moja iliyo ya majeruhi. Ni kweli kwamba hakimu anao uwezo wa kuamuru mshtakiwa amlipe fidia aliyemdhuru, lakini si kila kesi huishia hivyo, na asiyeomba asitazamie kukumbukwa.

Kesi ya pili ni ya madai. Hii ni mali ya majeruhi mwenyewe. Polisi hawaifungui kwa niaba yake, wala hakimu wa kesi ya kwanza haihamishi kwenda kwa mwenzake. Asipoifungua yeye, haipo. Katika kesi hii mdai hatakiwi kuthibitisha bila ya shaka yoyote, kama upande wa mashtaka unavyotakiwa katika jinai. Yatosha aonyeshe kwamba maelezo yake yanaelekea zaidi kuwa kweli kuliko ya mwenzake. Kwa sababu hiyo hata dereva aliyeachiliwa na mahakama ya jinai aweza kushindwa katika madai, na mtu aliyeumia asikate tamaa kwa kuwa dereva ameonekana mtaani akitembea huru.

JIRANI YETU NI NANI?

Huenda msomaji akauliza: mtu ambaye hatukuwahi kupatana naye neno, ambaye hatumdai wala hatudai, analazimika vipi kutulipa? Jibu lake lilitolewa kwa namna ya ajabu kidogo, katika kesi ambayo wanafunzi wote wa sheria za asili ya Kiingereza huanza nayo.

Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mama mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa kinywaji cha tangawizi na rafiki yake katika mkahawa. Chupa ilikuwa ya rangi nzito isiyoonyesha kilichomo ndani. Alipokwisha kunywa sehemu ya kinywaji hicho, mama huyo alisema, konokono aliyeoza alimiminika kutoka katika chupa, naye akaugua. Hakuwa na mapatano yoyote na mwenye mkahawa, kwa kuwa aliyenunua ni rafiki yake. Alimshtaki mtengenezaji wa kinywaji, mtu ambaye hakupata kumwona. Mwaka 1932 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwa wingi wa kura kwamba mtengenezaji alikuwa na wajibu kwake. Jaji Lord Atkin alieleza kwamba kila mtu apaswa kuchukua uangalifu ili asimdhuru jirani yake. Na jirani katika sheria si yule wa nyumba ya pili tu. Ni kila mtu ambaye mwenye akili timamu angepaswa kumfikiria kwamba matendo yake yaweza kumfikia na kumdhuru.

Kanuni hiyo iliingia katika mahakama zetu pamoja na sheria nyingine zilizorithiwa, na ndiyo msingi wa madai ya uzembe mpaka leo. Dereva ni jirani wa mwenda kwa miguu. Mwenye kiwanda ni jirani wa mfanyakazi wake. Mjenzi wa ghorofa ni jirani wa mama auzaye ndizi chini ya ghorofa hiyo. Anayedai hana budi kuonyesha mambo matatu: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kumwangalia, kwamba aliuvunja wajibu huo, na kwamba kwa sababu hiyo yeye ameumia na kupata hasara.

Tena, dereva si peke yake. Mtumishi akizembea wakati anapotenda kazi ya mwajiri wake, mwajiri huchukua dhamana. Hili ni jambo kubwa, kwa maana madereva wengi hawana mali ya kulipa hata wakishindwa. Kwa hiyo mwenye gari naye hutajwa katika hati ya madai pamoja na dereva wake. Na ikiwa gari ni la Serikali, anayeshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwananchi asiogope jambo hili wala asilione kuwa ni uasi. Serikali yenyewe, kwa sheria iliyotungwa na Bunge, imekubali kushtakiwa na raia wake.

Wala asidhani kwamba amepoteza haki yote kwa kuwa naye alikuwa na kosa, kama kuvuka barabara bila ya kutazama. Mahakama hugawanya lawama. Akionekana kuwa theluthi moja ya kosa ni yake, theluthi moja ya fidia hupunguzwa, na mbili zilizobaki hulipwa.

BIMA YA MTU WA TATU

Kila gari lipitalo barabarani huwa na kibandiko katika kioo cha mbele. Wengi hukiona kila siku wala hawakisomi. Kibandiko hicho ni ushahidi wa bima inayolazimishwa na sheria, na shabaha yake si kumsaidia mwenye gari atengeneze gari lake. Ni bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni wewe msomaji, unayetembea zako kando ya njia.

Uingereza iliilazimisha bima ya namna hii kwa sheria ya mwaka 1930, baada ya kuonekana kwamba magari yanaongezeka na walioumizwa wanashinda kesi dhidi ya watu wasio na kitu. Nchi za Afrika Mashariki zikafuata njia hiyo hiyo. Katika Uganda sheria inayohusika ni ile ya bima ya magari kwa madhara ya mtu wa tatu, ya mwaka 1989.

Hapa yapo mambo mawili ambayo kila majeruhi hana budi kuyaelewa. La kwanza, sheria hiyo ya 1989 iliweka kikomo cha malipo ya kampuni ya bima: shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja aliyedhurika, na shilingi milioni 10 kwa ajali moja. Mtu yeyote aliyewahi kumlipia mgonjwa wa mfupa uliovunjika anajua kwamba milioni 1 haifiki mbali. La pili, na hili ndilo linalosahauliwa, kikomo hicho ni cha bima, si cha haki yako. Hasara ikizidi kile ambacho bima inalipa, iliyobaki hudaiwa kwa dereva na mwenye gari. Mtu akiambiwa na karani wa bima kwamba "sheria hairuhusu zaidi ya hapa", ajue kwamba karani anaisemea kampuni yake peke yake.

Ikiwa kampuni inachelewesha malipo au inayakataa bila ya sababu inayoeleweka, mahakama si njia ya kwanza peke yake. Ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya Uganda, ambayo ina idara ya kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya makampuni ya bima. Lakini tunaonya mapema: kupeleka malalamiko huko si sawa na kufungua kesi, na saa ya sheria huendelea kutembea.

AUMIAYE KAZINI

Kwa mtu aliyeumia akiwa kazini sheria imekuwa na huruma zaidi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 haimtaki mfanyakazi athibitishe uzembe wa mwajiri. Yatosha kwamba ameumia kwa ajali iliyotokana na kazi yake na wakati wa kazi hiyo. Hata aliyeumia akiwa njiani moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini huhesabiwa kuwa yumo. Na hata kama mfanyakazi mwenyewe alizembea, fidia haimpotei kwa sababu hiyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Mfanyakazi aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hulipwa mshahara wa miezi 60. Tuchukue mtu alipwaye shilingi 300,000 kwa mwezi: fidia yake ni shilingi milioni 18. Ikiwa amepoteza sehemu tu ya uwezo wake, daktari hukadiria kwa kiwango cha mia. Asilimia 30 ya milioni 18 ni shilingi 5,400,000. Mfanyakazi akifa kwa ajali hiyo, waliokuwa wakimtegemea huhesabiwa kwa miezi 60 hiyo hiyo. Mwajiri naye ameagizwa na sheria kuwakatia bima wafanyakazi wake, ili fedha hizo zipatikane siku zinapotakiwa.

Lakini hapa pia pana saa. Mwajiri hana budi kupewa taarifa ya ajali mapema iwezekanavyo, na katika muda wa mwezi 1. Taarifa ya mdomo kwa msimamizi ni rahisi kukanwa. Iandikwe, nakala ibaki kwa mfanyakazi, na nyingine ipelekwe kwa afisa wa kazi wa wilaya. Pakitokea ubishi, afisa huyo ndiye wa kwanza kuendewa.

Kwa kuwa tunaulizwa mara nyingi, tueleze pia kwamba sheria hii haiwahusu askari walio katika utumishi wa jeshi. Aumiaye vitani au mazoezini huangaliwa kwa taratibu za jeshi lenyewe. Lakini askari aliyegongwa na basi akiwa likizo kijijini kwao ni mtu wa tatu kama raia mwingine yeyote, na sare aliyoiacha kambini haimpunguzii haki.

NG'AMBO YA MPAKA

Uganda haina bahari, na mizigo yake mingi huja kwa barabara. Lori lenye namba za Kenya laweza kumgonga mtu Tororo, na dereva wa Uganda aweza kumgonga mtu Nakuru au Kigali. Zamani ajali za namna hiyo zilikuwa msiba usio na mlango wa kubisha. Ndiyo maana mwaka 1986 nchi za eneo letu zilitia sahihi mapatano ya bima ya pamoja, ambayo yalianza kufanya kazi mwaka 1987, na ambayo leo yanajulikana kwa jina la Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania, ingawa ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, imebaki katika mpango huu wa kadi. Wamo pia Kenya, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Ethiopia na wengine.

Maana ya kadi ni kwamba bima ya gari iliyokatwa nyumbani hutambuliwa katika nchi linakoingia, kwa kadiri ya sheria ya bima ya nchi hiyo. Aliyeumizwa na gari la kigeni hana haja ya kusafiri kwenda kuitafuta kampuni ya ugenini. Huiendea ofisi ya taifa ya mpango huo katika nchi yake mwenyewe. Kwa hiyo anayeshuhudia ajali ya lori la kigeni asiandike namba ya gari peke yake. Aandike na namba ya kadi.

Msafiri naye akumbuke kwamba akiumia ugenini, sheria ya huko ndiyo itakayoongoza, nayo si lazima ifanane na yetu. Katika Kenya, kesi ya madhara dhidi ya Serikali yatakiwa kufunguliwa katika miezi 12, nusu ya muda wa kwetu. Katika Tanzania, mfanyakazi wa sekta ya watu binafsi au ya umma hudai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kukusanya michango ya waajiri mwaka 2015, wala hamwendei mwajiri wake mfukoni. Mwenye kuhesabu siku kwa kalenda ya Kampala akiwa ameumia Mombasa aweza kukuta mlango umefungwa.

KALENDA YA SHERIA

Sasa tumefika katika jambo lililomleta yule mzee ofisini kwetu. Katika Uganda, madai ya kuumizwa mwili kwa uzembe wa mtu au kampuni hufunguliwa katika miaka 3 tangu siku haki ya kudai ilipozaliwa, ambayo kwa kawaida ni siku ya ajali. Yakiwa ni dhidi ya Serikali, ni miaka 2. Kwa mtoto na kwa mtu aliyerukwa na akili sheria ina hesabu nyingine, lakini jamaa zao wasijihesabie wenyewe. Wamuulize mwanasheria mapema. Na ikiwa majeruhi amefariki, walioachwa wasingoje matanga yamalizike mwaka mzima ndipo waulize.

Kwa nini sheria ikaweka mpaka wa namna hiyo? Sababu zipo. Mashahidi huhama au hufa, kumbukumbu hufifia, na hakuna mtu anayestahili kuishi na kesi inayomning'inia kichwani maisha yake yote. Lakini mpaka huo haujui huruma. Haumuulizi mtu kama alikuwa amelazwa miezi saba, wala kama alikuwa hana nauli. Wala hausimami kwa kuwa pande mbili zinaandikiana barua. Hili tunalisisitiza. Barua ya kuahidi, barua ya kupokea barua, neno tamu la simu, yote hayo hayasimamishi saa. Mtu aweza kuwa anazungumza kwa heshima na mwenye gari au na karani wa bima mpaka siku ya mwisho ipite, na kesho yake akaambiwa, kwa heshima ile ile, kwamba hana dai.

Kuna njia moja tu ya kuisimamisha saa hiyo kwa hakika, nayo ni kuifungua kesi mahakamani. Mazungumzo ya kupatana hayakatazwi baada ya hapo. Bali mara nyingi huanza kuwa ya kweli siku hiyo.

KARATASI NA KIDOLE GUMBA

Mahakama hugawa fidia katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la hasara inayohesabika: dawa, kitanda cha hospitali, usafiri, magongo, mshahara uliokatika. Fungu hili hulipwa kwa kadiri lilivyothibitishwa. Mtu aliyetumia shilingi milioni 4 na kubaki na stakabadhi za laki 6, ajiandae kwa laki 6. Fungu la pili ni la maumivu, la kupungukiwa kwa maisha, na la kipato cha siku zijazo. Hilo hukadiriwa na jaji mwenyewe, kwa kuitazama ripoti ya daktari na kulinganisha na kesi zilizotangulia.

Kwa hiyo tangu saa ya kwanza jamaa wa majeruhi wana kazi zaidi ya kulia. Mmoja aandike namba ya gari, jina la kampuni ya bima na namba iliyo katika kibandiko, na majina ya walioona pamoja na namba zao za simu. Mwingine ahakikishe kwamba ajali imeandikishwa polisi na kwamba namba ya kumbukumbu imepatikana. Picha za mahali pale zipigwe kabla magari hayajaondolewa. Kila stakabadhi, hata ya shilingi elfu 2 ya bodaboda iliyompeleka kliniki, iwekwe katika bahasha moja. Daktari aombwe ripoti inayoeleza si jeraha tu, bali na kile ambacho mgonjwa hataweza kukifanya tena.

Na kuna jambo moja la kutofanywa. Mara nyingi, majeruhi akiwa bado na bandeji, hufika mgeni mpole mwenye bahasha. Humpa pole, humpa laki 3 za matibabu, na kumwomba atie sahihi kuonyesha kwamba amepokea. Asiyejua kusoma hutia kidole gumba. Karatasi hiyo huenda si stakabadhi ya kupokea fedha tu. Huenda imeandikwa kwamba malipo hayo ni ya mwisho, na kwamba majeruhi hatadai tena kitu chochote. Ushauri wetu ni mfupi: usitie sahihi karatasi ambayo hukusomewa na mtu wako mwenyewe, wala usikubali malipo ya mwisho kabla daktari hajasema mwili wako umefika wapi.

Wapo pia madalali wa kesi wanaozunguka katika wodi, wakijiita mawakili, wanaotaka wauziwe kesi kwa nusu ya fidia. Wakili wa kweli ana ofisi na ana hati ya mwaka ya kufanya kazi, wala sheria ya mawakili haimruhusu kuinunua kesi ya mteja wake. Asiye na fedha asirudi nyuma. Chama cha Wanasheria wa Uganda kimekuwa na mpango wa msaada wa sheria kwa maskini tangu mwaka 1992, na chama cha mawakili wanawake, FIDA, kilichoundwa mwaka 1974, huwasaidia hasa akina mama na watoto.

SWALI LA MZEE

Tulimpa yule mzee barua ya kwenda kwa mawakili wa msaada wa sheria, ili jambo lake litazamwe na wenye ujuzi kuliko sisi. Hatukumficha walakini tulioujua. Tulimweleza polepole kwamba faini aliyoiona ikilipwa haikuwa yake, kwamba kesi yake mwenyewe haikupata kufunguliwa, na kwamba muda wake ulikuwa umepita miezi mitano kabla ya yeye kufika kwetu.

Alizikusanya karatasi zake kwa mpango ule ule aliokuja nazo, barua ya kwanza chini, ya mwisho juu. Kisha akauliza, "Kama ningekwenda mahakamani badala ya kuandika ile barua ya pili?"

Tulimjibu kweli, kwa kuwa mtu mzima hadanganywi. "Ndiyo, mzee wetu. Wakati ule mlango ulikuwa wazi."

Alishukuru, akaomba asaidiwe kuuvaa mfuko wake shingoni, akatoka.

Ndugu wasomaji, hatuwezi kumrudishia mzee huyo miezi mitano. Lakini katika kila kijiji yupo mtu ambaye sasa hivi anasubiri jibu la barua, mguu wake ukiwa umefungwa plasta, naye akiamini kwamba uvumilivu wake unahesabiwa upande wake. Wenye kusoma gazeti hili wamtafute mtu huyo. Wamwulize jambo moja tu: umeumia lini? Kisha wahesabu naye.